Muzuri Kupita

Nzuri kupita nini? Swali hilo nilimuuliza mama mdogo, mdogo wake mama yangu, nilipokuwa likizo kutoka chuo kikuu. Jibu lake halikunitosha, nikaendelea kuuliza.

Alikuwa akiwapikia madereva wa malori bukari, ndiyo ugali wetu, kando ya barabara ya Kolwezi, mjini Fungurume. Mwaka ule ng'ambo ya barabara palifunguliwa mgahawa wenye viti vya plastiki na televisheni, na sufuria ya mama mdogo ikaanza kurudi nyumbani na bukari nusu. Akanunua rangi nyekundu, akaandika ukutani BUKARI MUZURI KUPITA. Ukuta ulikuwa mfupi, KUPITA likaangukia mstari wa pili peke yake.

Kwetu mtu akisema kitu ni kizuri kupita, yaani kuliko, hutaja kile kilichopitwa.

"Kupita nini, mama?"

"Kupita. Inatosha."

"Kupita ya ng'ambo?"

"Mi sina shida na ya ng'ambo."

"Basi kupita yako ya jana? Batu batafikiri ya jana ilikuwa mubaya."

"We mutoto, ile université inakufundishaka kubishana na ukuta?"

Kesho yake dereva mmoja alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, tumesoma! Bukari muzuri. Kupita! Basi tunapita!"

"Pita na njala yako!"

"Njala inakataa kupita!"

Akaegesha. Nyuma yake akaegesha mwingine, aliyetaka kujua wanacheka nini.

Nilishauri tulifute lile neno. Mama mdogo akakataa katakata, maana mzaha ulishafika Kolwezi, na madereva walikuwa wakiagana kwa kusema, "Tuonane Kupita." Sufuria ikawa inarudi tupu. Nilifurahi, nikala, nikaendelea kubisha: kitu hakiwezi kusifiwa kwamba kimekuwa bora bila kusema kilikuwaje kabla.

Miaka kadhaa baadaye kazi ilinipeleka Tenke. Mama mmoja muuza samaki karibu na stesheni aliposikia mama yangu mdogo ni nani, alicheka mpaka akashika meza. Kabla ya Fungurume, aliniambia, mama mdogo alifungua mgahawa wake wa kwanza pale pale, ukafa kabla mvua hazijaisha. Bukari yake ilikuwa na mabonge, na ya chini imeungua. Ndiyo hiyo iliyopitwa.