Nauli Niliyoisoma Ada

Juzi nilishuka Tunduma nikitokea Mbozi, kwa shughuli zangu tu, nikajikuta nimesimama mahali Bibi alipokuwa akiuza mchele. Siku hizi pana vibanda vya simu. Wakati ule palikuwa na turubai la bluu, magunia ya mchele wa Kamsamba yaliyokunjwa midomo, na Bibi kwenye kigoda akipepeta. Malori yalipanga foleni kusubiri kuvuka mpaka, madereva wakipika ugali pembeni ya matela, na harufu ya dagaa wao ilitufikia hata kabla njaa haijatuuma.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama yangu alikuwa amefariki, na mtoto mwingine wa Bibi, mjomba wangu, alivuka mpaka akaenda Kitwe kufanya kazi mgodini. Huko akaoa mwanamke ambaye Bibi hakumtaka, kwa sababu hawakuweza hata kusalimiana: mwenzake Kibemba na Kiingereza, Bibi Kinamwanga na Kiswahili. Alipomleta tumwone, maneno makali yalisemwa. Mjomba akaondoka na mkewe alfajiri, na kwa miaka mitatu hatukupata hata salamu.

Nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza. Muhula wa pili nikarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nikawa nashinda pale chini ya turubai nikichambua mawe kwenye mchele, na wenzangu wakipita na sare zao ninainamisha kichwa kama ninayetafuta jiwe lisiloonekana kirahisi.

Asubuhi moja dereva wa lori akasimama mbele yetu, akamtaja mjomba kwa jina. "Wewe ndiye mama yake?" akamuuliza Bibi, akampa bahasha. Ndani mlikuwa na noti za kwacha na karatasi yenye mistari mitatu ya Kiingereza, mwandiko wa mke wa mjomba.

"Soma," Bibi aliniambia. "Si ndicho mnachofundishwa?"

Iliandikwa hivi: He is asking for you. This money is for the fare. Please do not delay.

Nilikwama kwenye lile neno fare. Shuleni kila siku tulisikia fees, fees, mkuu wa shule akisoma majina ya wanaodaiwa, na kwa macho yangu maneno hayo yalikuwa ndugu. Nikasema, "Mjomba anakuulizia hali, Bibi. Hela hizi ni za ada. Wanasema tusicheleweshe."

Bibi alijifuta macho kwa pindo la khanga. "Kumbe na yule mkewe ana moyo," akasema.

Tukabadilisha kwacha siku ileile, kesho yake nikarudi shule. Bibi akaniagiza niandike jibu kwa Kiswahili, mjomba alisome mwenyewe: tumepokea, tumeshukuru, mtoto yuko darasani. Tukampa dereva mwingine anayekwenda huko.

Wiki ya tatu mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni maneno matatu: fee, fare, fine. "Haya yanawachanganya kila mwaka," akasema. "Shule inakudai fee. Konda anakudai fare. Ukivunja sheria, hakimu anakutoza fine. Ada, nauli, faini. Andikeni."

Sikuandika. Nililirudia la katikati kichwani, nikaunganisha na mistari ile miwili mingine. Nikainua mkono. "Mwalimu, mtu akisema mgonjwa is asking for you, anakuulizia hali?"

"Hapana. Anataka umwendee. Anakuita."

Barua haikuwa imetaja mgonjwa popote. Mimi ndiye niliyelisema neno hilo, na nilipolisikia nikajua ni kweli. Nikaomba ruhusa, nikakimbia mpaka sokoni.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imekaa juu ya ungo. Nilikuwa nalia, maneno yanakatika. Akauliza jambo moja tu: "Lini ile barua ilikuja?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasimama, akawauzia wanunuzi wa ng'ambo magunia yote mawili kwa bei waliyoitaka wao. Jioni hiyo alikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akisubiri treni.

Alikaa huko zaidi ya mwezi. Mama jirani alinipikia, nami kila lori lililosimama lilinishtua. Aliporudi ndipo nikajua. Mjomba alikuwa ameangukiwa na mwamba. Madaktari walitaka kumkata mguu, naye akawaomba wangoje kidogo, mama yake yuko njiani. Walingoja siku mbili. Kisha wakamkata. Barua yetu ya shukrani ilimkuta kitandani akiwa na mguu mmoja, naye akaamini mama yake amepokea nauli na amekataa kuja.

"Nilipoingia wodini aligeukia ukutani," Bibi alisimulia. "Mkewe ndiye aliyenishika mkono. Hatukuwa na lugha, tulilia tu. Mjomba wako nilimweleza usiku na mchana mpaka akageuka."

"Alisema nini juu yangu?"

Bibi akavuta ungo wake. "Alisema umsalimie mwalimu wako wa Kiingereza."

Mjomba alitutembelea mara nyingi baada ya hapo, akitembelea mkongojo, na mkewe akajifunza kupepeta mchele kwa Bibi. Hakuna aliyenisema. Nami nikasoma kama mtu anayekimbizwa, na leo nafundisha Kiingereza, na nikifika kwenye maneno yale matatu nayafundisha polepole mno. Wanafunzi hudhani nimechoka.

Sasa Bibi hayupo, mjomba hayupo. Madereva hawabebi tena barua. Kijana akiwa Kitwe anampigia mama yake akimwona uso. Ni vizuri hivyo. Lakini miaka yote ile niliyoishi na Bibi nilikuwa nasubiri siku atakayokasirika, anigombeze mara moja, kwa sauti, nimwombe radhi tuyamalize. Hakunigombeza. Na hakuna mwingine aliyebaki ambaye angeweza.