Wastani wa Njia ya Kolandoto

Juzi nilipita Kolandoto ndani ya gari la mkwe wangu, lami tupu, redio inaimba. "Mama, siku hizi hapa ni dakika chache tu," akaniambia. Angejua ninavyoichukia njia ile, asingenisemesha.

Utotoni mwangu, miaka ya sabini, ilikuwa vumbi na mashimo. Kijiji chetu kilikuwa kilometa kumi na mbili kutoka hospitali ya Kolandoto. Msimu wa mavuno ua wote ulinukia matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kuanikwa juani, na mama akitufukuza tusiviibe huku mwenyewe anatafuna. Alikuwa mtu wa kucheka yule, we!

Siku alipoanza kutokwa damu, akiwa mjamzito, lori la kijiji lilikuwa limeegeshwa ghalani. Baba alimpigia magoti mwenyekiti. "Lori ni la pamba, bwana," mwenyekiti akasema, anachokonoa meno. "Mgonjwa mpakie kwenye baiskeli." Mtu yule sijamsamehe, na wala sijaribu.

Baba akamkalisha mama kwenye keria, akamfunga mgongoni mwake kwa khanga, akanyonga baiskeli kama mwehu. Mimi na bibi tukawafuata kwa miguu. Tulipofika, mama alikuwa ameshakata roho. Wauguzi walihangaika naye, lakini damu ilikuwa imekwisha njiani.

Tulimrudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe. Bibi alikataza ng'ombe wasichapwe, kwani kwetu maiti haharakishwi. Wakajikongoja, nasi tukatembea nyuma yao, jua linatuchoma utosini, hata nikadhani hatutafika.

Matanga yalipokwisha nikarudi shule. Mwalimu wetu wa sayansi, aliyependa kutufundisha mambo ya sekondari, akaandika ubaoni: mtu anakwenda Kolandoto kwa baiskeli, kilometa kumi na mbili kwa saa, anarudi kwa mkokoteni, kilometa nne kwa saa. Spidi yake ya wastani ni ngapi? Alisahau msiba wetu, au hakuwa na haya, sijui.

"Nane!" darasa zima likaitika. Walijumlisha kumi na mbili na nne, wakagawa kwa mbili. Mimi nikasema sita. Kwenda saa moja, kurudi saa tatu: kilometa ishirini na nne kwa saa nne. Hesabu hazikuwa zangu kabisa, ila nilijua kwamba safari ile karibu yote ni kurudi.

"Safi! Mpigieni makofi!" Kisha akauliza velositi ya wastani. Hiyo, akasema, haijali umezunguka kiasi gani; inatazama ulipoanzia na ulipoishia tu. "Katoka nyumbani, karudi nyumbani. Sifuri. Andikeni."

Sikuandika.

"Wewe, mbona huandiki?"

"Mwalimu, hakurudi nyumbani."

"Ala! Karudi wapi basi?"

Akanichapa, eti mimi mkaidi.

Mwaka uliofuata baba alikwenda Geita kuchimba dhahabu, akapotelea huko. Bibi naye akafa. Ua wetu sasa ni shamba la watu nisiowajua. Fizikia nilikuja kuisoma, na ubaoni mwalimu alikuwa sahihi, sibishi. Lakini sifuri yake ilitaka mtu arudi alikotoka. Sisi tulikotoka kulikuwa na mama.