Nilibadilisha kufuli la tenki, nikampoteza mpangaji wa miaka kumi na minne

Wakuu, mko poa? Hii nimeiandika nikafuta mara mbili. Yote ni kweli, na hakuna mahali nimejipendelea, mtaona wenyewe.

Mamangu ana ploti mtaa wa Jamhuri, Nairobi, nyumba nane. Yeye anakaa ile ya chini karibu na geti. Magoti yalipomshinda kupanda ngazi, akaniambia nishike usukani. Mimi ni mtu wa ofisi hapo tao, nikaona hiyo ni kazi ya kuendesha kwa simu tu.

Namba tatu alikaa Sister Mutheu, nesi wa hospitali moja kubwa kule Upper Hill.

Miaka kumi na minne!

Ngazi alifagia bila kuambiwa. Kodi hakuwahi kukumbushwa. Na kila Jumamosi alishuka na kimashine chake, akampima mama presha, kisha wakanywa chai wakiwasengenya watu wa kanisa.

Sasa, maji kwetu huja kwa ratiba. Caretaker wetu, Wafula, hufungua koki ya tenki alfajiri, saa mbili anaifunga na kutia kufuli. Mutheu akitoka night shift alikuwa akifika saa tatu. Kwa hiyo mama alimpa ufunguo wake wa lile kufuli. Afungue, aoge, ajaze mtungi, afunge. Hakuna mpangaji aliyewahi kulalamika.

Nililalamika mimi. Nilikuwa nimetazama video za property management, nimeiva kabisa. Sheria ni moja kwa wote! Nikamwambia Wafula anunue kufuli jipya, na Mutheu asipewe ufunguo.

Wafula si mtu wa maneno mengi. Alikuna kichwa. "Boss, huyu sister si mtu ya kufungiwa maji. Uliza mathe kwanza."

Sikumuuliza mama.

Mutheu akaniandikia WhatsApp. Message ndefu ya kuomba ufunguo, ya heshima, ya mtu aliyesimama wodini usiku kucha. Nikajibu neno moja: Noted, yaani nimeona.

Wiki iliyofuata akaandika tena. Noted.

Ya tatu nilibonyeza ile emoji ya dole gumba, nikaendelea na mkutano.

Hakuandika tena. Alimpa Wafula notisi ya mwezi mmoja, kwa mwandiko wake, akahamia mtaa wa Muthangari. Na niseme ukweli, nilifurahi. Nilijua nitapaka rangi nipandishe kodi.

Aliyekuja baada yake aligeuza jikoni kuwa kiwanda cha chapati cha makaa, dari ikawa nyeusi tititi. Aliyemfuata alihama Jumapili tukiwa kanisani, akabeba hadi balbu. Hayo angalau naweza kuyacheka.

Ya mama siwezi. Hakuna aliyempima tena. Nilimnunulia mashine nzuri, akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma. Alisema haijui kupiga stori. Nikimpigia simu alisema yuko sawa, nami niliendelea na kazi.

Asubuhi moja Wafula alimkuta ameketi kitandani, mdomo umeenda upande. Stroke. Daktari akaniuliza presha imekuwa juu tangu lini. Aibu ile sijaimaliza hadi leo.

Nilienda Muthangari na ufunguo wa nyumba mfukoni. Nikamwambia Mutheu namba tatu iko wazi, arudi, nitamwekea hata tenki yake mwenyewe.

"Maji ningevumilia," akasema. "Nimebeba mtungi toka nikiwa mtoto huko Kitui. But fourteen years, alafu unaniandikia noted? Hata 'pole sister' ilikushinda?"

Nikaweka ufunguo mezani. Akausukuma ukarudi kwangu.

"Hapa landlord anashika simu. Sirudi. But mama nitakuja kumuona."

Na huja. Kila Jumamosi, na kimashine chake. Mama, ambaye mkono wake wa kulia haushiki tena kikombe, huanza kumuulizia tangu Ijumaa. Mimi ndiye humfungulia geti. Ananiambia "habari yako" kama anavyomwambia askari wa benki, anapita.

Landlords wenzangu, mkishika nyumba za watu, ulizeni kwanza ni kitu gani kidogo kinachomkalisha kila mpangaji, na msikiguse. Mtu akikuandikia mistari kumi, mpigie simu. Hizo tiles mpya mnazopanga zitangoja.

Nanyi wapangaji, niambieni hapa: ni siku gani hasa mliamua kuhama, na mwenye nyumba alikuwa amewaambia nini?

Nitasoma zote. Na kila mmoja nitamjibu, kwa sentensi nzima.