Kipokezi cha Nani

Mjomba wangu alifuga nyuki tangu ujana wake kwenye vilima vya Kondoa, na kwake kuumwa na nyuki kulikuwa kama kuchomwa na mwiba wakati wa palizi: unautoa, unaendelea na kazi. Ndiyo maana hakushtuka siku nyuki mmoja alipomuuma nyuma ya sikio akiwa anashusha mzinga. Lakini kabla hajafika chini ya mti, midomo ilishaanza kuvimba. Alipofika nyumbani alikuwa anapumua kwa kukoroma na macho yamefumba. Mkewe alimpakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake kumshikilia, wakakimbilia kituo cha afya. Sindano ndiyo iliyomrudisha.

Alipopata nafuu alikuja kwetu Chang'ombe, kwa mama yangu, ambaye ni dada yake. Nilimkuta sebuleni nikitoka kazini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimeambiwa unafanya kazi ya damu."

"Ya maabara, mjomba. Tunachunguza kinga ya mwili."

"Ndiyo hiyo hiyo. Basi niambie. Nyuki ni walewale, mti ni uleule. Mimi nimebadilika nini?"

Nilianza kumjibu kama nilivyofundishwa chuoni. Majina ya vitu vyote nilikuwa nayo, ila yeye hakuniuliza majina.

Siku hizo maabara yetu ilikuwa inasubiri mzigo kutoka nje ya nchi. Mwalimu wangu, mama mmoja mpole ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa ameagiza kipokezi cha binadamu. Mwilini mwetu kuna seli zilizovaa vipokezi hivyo juu ya ngozi zake. Kazi ya kipokezi ni kushika kingamwili za mzio, chembe ambazo mwili hutengeneza kutambua kitu kama sumu, na kukaa nazo, kama mtu aliyeshika ufunguo akisubiri mlango. Sumu ya nyuki ikija ikazigusa kingamwili hizo, seli inamwaga kila ilichohifadhi, na mtu anavimba. Hicho ndicho kilichompata mjomba. Tofauti ni kwamba kipokezi tulichoagiza hakikuwa na seli. Kilikuja peke yake.

Kilifika ndani ya boksi la barafu, kwenye kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Nilikiinua dirishani, nikakigeuza, nikakigeuza tena.

"Dokta, hiki ni kitupu."

"Usifungue!" Alikuja haraka akakichukua mkononi mwangu. "Kimekaushwa. Ni kidogo mno kukiona kwa macho. Kizungushe kwanza kwenye mashine kishuke chini, halafu tutakitia maji yake taratibu."

Nilifanya alivyosema. Hata baada ya kutia maji sikuona chochote zaidi ya maji.

Jioni hiyo, tukila ugali na mlenda, nikamsimulia mjomba. Aliacha tonge mkononi.

"Hicho kipokezi ni cha mtu gani?"

"Si cha mtu, mjomba. Seli zinafugwa kwenye chombo. Zinapewa maelekezo ya kutengeneza kipokezi, zinakitengeneza, kinasafishwa."

"Maelekezo yametoka wapi?"

"Kwa binadamu."

"Yupi?"

Mama alicheka. Kesho yake nikamuuliza Dokta. Akavua miwani, akafikiri. "Maelekezo hayo yalishasomwa zamani, yameandikwa, siku hizi yanaundwa upya kwa mashine. Lakini mtu wa kwanza kabisa?" Akatikisa kichwa. "Sijawahi kuuliza."

Utafiti wetu ulikuwa na kibali cha kupima damu za watu wenye mzio wa nyuki, na mjomba alikubali kwa hiari yake. Tulihitaji pia damu ya watu wasio na mzio, ili kulinganisha. Nilijitolea ya kwangu. Mimi ni mtoto wa mjini. Nyuki waliwahi kuniuma utotoni tulipokwenda Kondoa likizo, nikalia, nikapewa muwa, yakaisha.

Kipimo chenyewe hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo. Kwanza kipokezi kinabandikwa chini ya kila kishimo. Juu yake unaweka maji ya damu ya mtu, na kipokezi kinanasa kingamwili zake za mzio. Halafu unaweka sumu ya nyuki iliyounganishwa na kitu cha kutoa rangi. Kama kingamwili za mtu zinaitambua sumu hiyo, kishimo kinageuka bluu.

Nilimwomba Dokta ruhusa mjomba aje kuona. Alivalishwa koti jeupe lililombana mabegani, akasimama nyuma ya kioo, mikono nyuma. Nilitia tone la mwisho, la kuamsha rangi. Vishimo vyake vilianza kubadilika kabla sijaweka mezani pipeti ya kudondoshea. Bluu ilipanda kutoka chini, ikakolea. Alisogeza uso hadi kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake.

Kisha nikaona vishimo vyangu. Vilikuwa vya bluu pia, hafifu, lakini bluu.

Nilidhani nimechanganya sampuli. Siku iliyofuata nikarudia kipimo chote, mwalimu wangu akiwa kando yangu. Bluu ileile.

"Dokta, mimi sina mzio."

"Kuwa na kingamwili si kuwa na ugonjwa," alisema. "Wapo wengi kama wewe, wanatembea nazo na hawavimbi maisha yao yote. Wengine wanavimba."

"Nani anaamua?"

"Tukijua hilo tutalala usingizi."

Nilimwambia mjomba nyumbani, mama akiwepo. Mama alishika kifua. Mjomba alitabasamu kama mtu aliyepata mwenzake safarini.

"Kumbe tuko wawili." Halafu, kwa sauti ya chini: "Msimu wa kurina asali umekaribia. Hiyo rangi inasema naweza kurudi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomfanya akubali kutolewa damu. Nilitamani kumpa jibu alilolitaka. "Hapana, mjomba. Rangi inasema sumu inatambuliwa. Haisemi kwamba umelindwa. Nenda kwa daktari." Nilimpeleka mwenyewe. Daktari alimkataza kabisa kusogelea mizinga. Tulirudi nyumbani, akafunga begi lake, na kesho yake akapanda basi la Kondoa.

Mizinga alimwachia mkewe. Nilidhani amenikasirikia, mpaka aliponipigia simu. Alikuwa amewaeleza wafugaji wenzake kuhusu utafiti, na kadhaa walikubali kupimwa. Tukaenda, Dokta na mimi, na boksi la kuhifadhia damu. Mjomba alikuwa amepanga mabenchi nje ya nyumba, mbali na mizinga, na alikuwa anawaeleza watu kuhusu kipokezi. Alikieleza vizuri, isipokuwa alisema kina rangi ya bluu. Nilimwacha amalize kwanza, ndipo nikasahihisha.

Mkewe alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa gauni. Alirina pamoja naye miaka yote, wakiumwa na nyuki walewale.

"Kabla hujanichoma," aliniambia, "kwa nini alibadilika yeye, mimi sikubadilika?"

"Sijui, mkaza mjomba. Pengine na wewe umebadilika, ila mwili umenyamaza."

"Basi tuangalie," akasema, akaninyooshea mkono.