Mafundo Matatu Kwenye Pindo la Kanga

Nakumbuka siku moja nilipomwambia daktari "sina swali," na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo nikiwa na akili timamu.

Mwanangu, najua unashangaa nikikuita hivyo. Nina miaka thelathini na tisa tu, na neno hili bado linanipwaya kama gauni la kuazima. Lakini kwenye benchi la kliniki ya saratani ya matiti umri hauhesabiwi kwa cheti cha kuzaliwa. Unahesabiwa kwa muda uliokaa pale. Wewe uliyetoka huko wiki hii na kifuko cha vidonge, ukiambiwa utavimeza kila siku kwa miaka, kwangu ni mtoto. Kaa nikusimulie.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kupata kazi ya takwimu za kilimo hapa Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na dodoso mkononi, kuwauliza wakulima ekari ngapi, mbegu gani, mvua ilikata lini. Nyumbani kwetu Kondoa baba alinibandika jina la Kwa Nini tangu nikiwa darasa la pili. Sikuwahi kukubali jambo kwa sababu tu aliyelisema ana mvi au koti jeupe.

Kisha nikapata uvimbe titi la kushoto. Upasuaji, dripu, mionzi, yote nikapitia nikiuliza. Nilimchosha kila muuguzi. Basi ilipofika zamu ya vidonge, daktari alinieleza vizuri. Saratani yangu ilikuwa ya aina inayolishwa na homoni za kike. Kama kuna chembe yoyote imebaki imejificha mwilini, kidonge kitaizuia isipate chakula hicho. Nimeze kimoja kila siku. Nilielewa, nikakubali.

Asichoweza kunieleza mtu yeyote ni jinsi nitakavyojisikia mimi mwenyewe.

Joto lilianza kifuani, likapanda shingoni hadi masikioni, kana kwamba mtu ameniinamisha juu ya chungu kinachochemka. Dakika chache likapita, likaniacha nimelowa na natetemeka. Likarudi. Ilikuwa Juni, upepo wa Dodoma unapita hadi kwenye mifupa, watu ofisini wamevaa masweta, na mimi najipepea kwa ripoti ya mwaka.

"Zaituni, hilo jua unalo peke yako?" akanitania mwenzangu mmoja. "Tugawie basi, sisi tunaganda."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikaenda msalani, nikavua ushungi, nikaulowesha kwa maji ya bomba, nikalia.

Usingizi ulikatika. Hasira zilikuja bila mwaliko. Na kulikuwa na jambo jingine. Mume wangu, Idrisa, alikuwa ameniosha kidonda kwa mikono yake, na sasa akinisogelea nilijikunja, kwa sababu mwili ulikuwa mkavu na tendo lilikuwa linauma. Hakuuliza. Alihamia upande wa pili wa kitanda kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kama angegomba.

Niliporudi kliniki, daktari aliuliza, "Unaendeleaje na dawa? Una swali?"

Nikasema, "Naendelea vizuri. Sina swali."

Unaona, mwanangu? Mimi Kwa Nini. Nilikuwa nimeona aibu, kwa kuwa daktari alikuwa mwanamume wa rika langu. Lakini aibu ilikuwa nusu tu ya sababu. Watu walikuwa wamefunga na kusali kwa ajili yangu, mama yangu alikuwa amelala sakafuni wodini. Nimepona, halafu nilalamike joto? Niliona ni utovu wa shukrani. Nikachukua kifuko kipya cha vidonge nikaondoka.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ni kosa ambalo mtu mjinga asingeweza kulifanya. Lilihitaji shahada.

Niliamua kufanya utafiti. Nilinunua daftari, nikachora safu: tarehe, mara ngapi joto limekuja, saa ngapi nimelala, hasira ni kiasi gani kati ya moja na kumi. Nikaandika wiki mbili nikiwa kwenye dawa. Kisha nikaacha kumeza. Nilikusudia wiki mbili tu za kulinganisha. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilitoa kidonge kwenye karatasi yake mbele ya Idrisa, nikakishika, nikaenda jikoni kutafuta maji, nikakitupa. Wiki mbili zikawa sita. Joto lilipungua, nikalala, na namba kwenye daftari zikapendeza. Nikajiambia data zimesema.

Siku ya kliniki ilipofika nilibeba daftari lile kwenye mkoba kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Lakini kwa wiki nzima nilikuwa nikilishika titi la kulia, nikilibonyeza, nikisikia kila kitu na kutosikia chochote.

Kwenye benchi nilikaa karibu na bibi mmoja wa Hombolo, Bibi Eliseba. Tulikuwa tunafahamiana kwa kusalimiana tu. Alikuwa Mgogo mfupi, mkulima wa zabibu, mwenye sauti inayofika mwisho wa korido.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, binti wa Kondoa. Leo hujipepei. Umehamia kwenye friji?"

Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Labda ni kwa sababu alikuwa wa kwanza kuona. Nikainama nikamnong'oneza kwamba nimeacha vidonge wiki sita, na nikamwonyesha daftari ili asidhani ni uzembe.

Hakujua kusoma. Alilishika, akapitisha kidole kwenye safu zangu zilizonyooka, akaligeuza upande wa pili.

"Hapa umeandika nini?"

"Joto, bibi."

"Na hapa?"

"Usingizi."

"Na hapa?"

"Hasira."

"Mm. Na ile saratani, umeiandika wapi?"

"Ile haionekani, bibi. Siwezi kuipima."

"Aa." Akanirudishia daftari langu taratibu, kama anayemrudishia mtoto wembe baada ya kuufunika. "Kwa hiyo umepima kinachokusumbua. Kile kinachoweza kukuua hukukipima, ndiyo ukaona umeshinda. Wee binti, wewe siyo ulikuja kijijini kwetu na makaratasi, ukaniuliza mizabibu yangu hata nikasahau jina langu?"

Nilikuwa nimesahau. Kweli nilikuwa nimefika kwake mwaka mmoja kabla sijaugua.

"Uliniuliza maswali mpaka uji ukaungua. Huyu daktari umemuuliza mangapi?"

"Hata moja."

Alicheka hadi akina mama wawili mbele yetu wakageuka. "Basi mimi nisiyesoma nimekushinda!"

Akanyanyua pindo la kanga yake. Lilikuwa na mafundo matatu, madogo, yamekazwa vizuri. Akanieleza kwamba kila linapomsumbua jambo kule nyumbani analifungia fundo siku hiyohiyo, maana akifika mbele ya koti jeupe kila kitu hufutika kichwani. Ndani anafungua moja moja, na hatoki kwenye kile kiti mpaka pindo limenyooka.

"Na usimwambie naumwa viungo," akasema. "Kila mtu anaumwa viungo. Mimi nilimwambia siwezi kukunja vidole nikashika mkasi wa kupogolea mizabibu, na nisipopogoa hakuna zabibu. Hapo ndipo aliinua macho. Akanibadilishia dawa, akanifundisha mazoezi ya vidole. Asubuhi bado vinakataa, ila saa tatu nimeshika mkasi. Mwambie kazi iliyokushinda."

"Na kama kazi yenyewe ni ya aibu?" nikauliza kwa sauti ya chini.

Akaniangalia. Alielewa mara moja. "Ya chumbani? Hiyo niliuliza mwaka juzi, mzee wangu akiwa hai. Daktari aliinamisha kichwa. Mimi sikuinamisha. Dawa ipo. Funga fundo."

Nilikuwa na mtandio wa ziada mkobani. Nikafunga fundo la kwanza, la joto. La pili, la chumbani. La tatu lilikuwa linanifunguka kila nikilifunga, naye akanishikilia kitambaa ili nikaze. Lile lilikuwa la wiki sita.

Nilipoitwa ndani, nilianza na hilo la tatu. Nilimwambia daktari nimeacha dawa na nimedanganya, nikasubiri kufukuzwa. Alivuta kiti chake karibu.

"Ahsante kwa kuniambia," akasema. "Wengi huacha, tatizo ni kwamba hawatuambii. Uliacha lini hasa?"

Hakupiga kelele. Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, sikuwa nimejiandaa kwa kiti kuvutwa. Nililia pale hadi muuguzi akaniletea maji. Alinipima titi, kwapa, akaagiza vipimo, akanieleza kwamba wiki sita si jambo la kupuuza wala si mwisho wa dunia. Nianze tena siku hiyohiyo, kimoja tu, nisimeze viwili kufidia. Mashaka yangu juu ya dawa akaniambia niyalete kwake kabla ya kuacha, si baada.

Kisha fundo la joto. Nikamwambia siwezi kumaliza kikao kimoja bila kukimbilia msalani kuvua ushungi. Akaniuliza nameza kidonge saa ngapi, chai nakunywa kiasi gani, pilipili je. Tukabadili saa ya kumeza tuone. Nikaanza kuvaa pamba nyepesi, chai ya moto nikaipunguza, jioni nikawa natembea kwa miguu mpaka Miyuji na kurudi. Baada ya miezi miwili joto lilikuwa bado linasumbua usiku, akaniandikia kidonge kingine kidogo cha kulituliza, akinionya kwamba si kila dawa ya aina hiyo inapatana na ile ya saratani, kwa hiyo nisichukue dukani kwa kubahatisha. Vivyo hivyo mizizi na majani ninayoletewa na ndugu wenye mapenzi mema, nimwonyeshe kwanza. Akanitajia pia dalili za kunikimbiza hospitali bila kungoja kliniki: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au kutokwa damu ukeni kusiko kwa kawaida.

Fundo la chumbani nililifungua nikiangalia sakafu. Naye, kama bibi alivyosema, aliinamisha kichwa. Lakini aliandika. Kilainishi kisicho na homoni, na maelekezo ya kukitumia, na ushauri wa kumleta mwenzangu nikitaka. Jioni ile nilimwambia Idrisa kila kitu, pamoja na vidonge nilivyotupa.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema.

Tulicheka, mwanangu. Miezi minne ya kulala kila mtu na ukuta wake, kumbe kila mmoja anaogopa kumuudhi mwenzake.

Nilipotoka chumbani kwa daktari siku ile, Bibi Eliseba alikuwa bado benchini akingoja zamu yake. Hakuniuliza chochote. Alinyoosha mkono, akaukagua mtandio wangu pindo kwa pindo, kisha akasema, "Umenyooka." Majibu ya vipimo yalipotoka, nilimpigia simu Hombolo kabla sijampigia mama. Vipimo havikuona kitu kibaya.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo ilikuwa raha. Joto lilibaki na mimi, ila lilikuwa kama jirani mwenye kelele ambaye unajua ratiba yake. Kuna wiki nilichukia kile kidonge kwa moyo wote, nikakimeza hivyohivyo. Miezi michache iliyopita daktari aliniambia nimemaliza miaka yangu. Nilitoka nje, upepo ukanipiga usoni, ukiwa baridi, na nikakaa kwenye ngazi nikiusikiliza mwili wangu mzima ukipoa.

Sasa nasaha zangu ni hizi. Sikwambii uache kuwa na mashaka. Mimi bado ninayo, na nisingependa kukuona umekuwa mtu wa kuitikia tu. Ila peleka mashaka yako kwa anayeweza kuyajibu. Usiyafanyie kazi peke yako jikoni mbele ya pipa la taka. Kidonge kikikutesa, usikiache kimya kimya: sema, na utaje kazi iliyokushinda, hata kama ni ya kitandani. Kulalamika kwamba unaungua hakukufanyi umkufuru Mungu aliyekuponya wala uwakosee waliokuombea. Hawakukuombea upone ili uishi ukiwa umeuma meno. Na ukishaacha dawa, kama mimi nilivyoacha, rudi leo. Usingoje upate ujasiri, rudi na hofu yako hivyohivyo.

Mtandio wangu ule nimeufua mara nyingi, lakini pembe moja bado ina mikunjo ambayo pasi imeshindwa kuitoa. Nitakupa uende nao kliniki.

Mungu akupe usingizi mrefu na upepo wa Juni katika joto la mchana wa Novemba. Akupe daktari anayevuta kiti, na mtu nyumbani wa kucheka naye. Na siku moja, ukiwa umekaa kwenye benchi lile umenenepa na huna haraka, akupe binti anayejipepea pembeni yako, umshikilie kitambaa akaze fundo lake.