Kura ya Kumi

Kule barazani, kundi lao la kwenye simu, mafundi cherehani walimwita Bi Mkasi, maana hakuwa na simile: ukitukana, amekukata. Alilisimamia baraza hilo tangu lina watu wa kuhesabika, akijibu maswali ya kola na zipu huku chai yake inapoa. Mume hakuwa naye, watoto hakujaliwa. Baraza ndilo lililomtoa kitandani asubuhi na hamu ya kuishi. Sheria ya kura aliitunga yeye mwenyewe: awe msimamizi awe mwanachama, akipata kura kumi za kukataliwa kwa siku moja, anatoka, hakuna cha kujitetea. Aliitunga kumkomesha mzushi mmoja, na siku ile wote walimshangilia.

Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye Bi Mkasi ndiye aliyemfundisha hata kutunga uzi kwenye sindano. Juzi huyo mdogo mtu akaweka picha ya gauni la fundi mwingine, akidai ni kazi ya mkono wake. Bi Mkasi akaifuta, na sababu akaiandika palepale, kila mtu aione. Undugu kando! Ndivyo alivyokuwa, mwanamke yule.

Leo asubuhi kura zikaanza kumwangukia. Majina hayaonekani, idadi tu. Zilipofika tisa, akaiacha cherehani yake. Akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa akishona pembeni yake kibandani.

"Mdogo wangu, hebu waandikie. Wewe watakusikiliza."

"Ngoja nimalize pindo hili, dada."

Cherehani ikanguruma, halafu ikanyamaza. Pindo lilikuwa bado nusu. Mkono wa mdogo mtu ulikuwa chini ya kitambaa, na kitambaa kinapenyeza mwanga wa simu. Kwenye simu ya Bi Mkasi, tisa ikawa kumi, na baraza likamtoa.

"Kumbe ni wewe," alisema. Moyo ulimuuma, ulimuuma hasa.

"Sheria si uliitunga mwenyewe? Na mimi uliniaibisha mbele za watu."

Wakashona mpaka mchana, kila mmoja na lake. Kisha mdogo mtu akainua blauzi ya mteja, akauliza kwa sauti ileile ya siku zote.

"Dada, kola hii imekataa kulala. Naifanyaje?"

Bi Mkasi akakata uzi kwa meno.

"Kaulize barazani," alisema. "Mimi si mwanachama."