Baba Aliyebandua Tangazo

Baba yangu hakuamini kitu kisicho na muhuri. Redio ilipotangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito sasa wanaruhusiwa kurudi, mimi nilirukaruka kwenye matuta ya vitunguu na mwanangu mgongoni. Yeye aliendelea kupalilia. "Redio husema mengi," alisema.

Nilikuwa nimeishia kidato cha pili. Tangu nijifungue, baba hakuwahi kunitaja mbele ya watu. Akiulizwa habari za nyumbani, alijibu habari za mbuzi. Majirani zetu hapa Baray nao walikuwa na methali yao tayari: maji yakimwagika hayazoleki. Iliniudhi sana. Sisi tunamwagilia kwa mfereji, na hayo maji yaliyomwagika ndiyo yanayotulisha.

Wiki iliyofuata mtendaji wa kijiji alibandika waraka wa ruhusa hiyo kwenye ubao wa matangazo, wenye muhuri wa bluu. Baba alikwenda kuuona. Alipouona aliubandua, akaukunja, akautia mfukoni, akatembea nao hadi shuleni kumwonyesha mkuu wa shule. Kumbe mkuu wa shule alikuwa na nakala yake mezani. Alicheka, kisha akaandika jina langu.

Mtendaji hakucheka. Karatasi ilimrudia imechanika, na kijiji kilikuwa bado hakijaisoma.

"Mzee, umebeba tangazo la watu wote," alimwambia. "Sasa utalitangaza mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

Nilimfuata baba nikiwa nimembeba mtoto, na nakiri nilitaka kuona atakavyoumbuka. Alihamia hapa zamani kutoka Singida kufuata vibarua vya shamba, na miaka yote hiyo sijamsikia akisema neno mkutanoni. Kwenye nyumba ya kwanza alivua kofia, akakohoa. Nilidhani ataanza na serikali imesema hivi na hivi.

"Binti yangu huyu amezaa," alisema. "Jumatatu anarudi shule. Na wenu wanaruhusiwa."

Akasema hivyo hivyo nyumba ya pili, na ya tatu, kila mara akininyooshea mkono. Furaha ilinijaa hadi nikawa najikwaa njiani pasipo na jiwe.

Jioni mtendaji alimwambia adhabu imekwisha, akapumzike. Baba alimuuliza kama watu wa kijiji cha jirani wameshatangaziwa.